Nimedaivu Wasini mchana, naweza kupanda SGR usiku?

Swali: Naishi Nairobi, nina cheti cha kwanza cha kudaivu. Disemba mimi na mke wangu tunashuka kisiwa cha Wasini, pwani ya kusini, siku tatu na kila siku nataka kuzama Kisite, hifadhi ya bahari iliyo karibu, daivu mbili. Najua ukitaka kupanda ndege lazima usubiri, ndio maana nikachagua treni ya SGR ya usiku kurudi Nairobi siku hiyo hiyo ya mwisho, nikitoka majini kama saa saba mchana. Kwa treni hakuna shida, si ndio?

Jibu: Shida ipo ndugu yangu, tena nafurahi umeuliza kabla ya kulipa, maana hili swali watu wa bara wengi hawaliulizi kabisa, wanajua ndege ndio mbaya basi. Ndege yenyewe haina ubaya wowote. Ubaya ni kwenda mahali hewa ina presha ndogo wakati mwili wako bado umejaa naitrojeni ya kule chini, na mwili haujui kama umepandishwa na ndege, treni au probox.

Iko hivi. Ukiwa mita 10 chini presha ni mara mbili ya hapa juu, ukifika mita 20 ni mara tatu, na ile hewa unayovuta kwenye mtungi karibu asilimia 79 ni naitrojeni. Inaingia kwenye damu, misuli, mafuta, na ukitoka majini haiishi hapo hapo, inatoka polepole kwa masaa mengi kupitia mapafu. Ukiwa bado hujaimaliza ukapanda juu, presha ya nje inashuka na ile iliyobaki inaweza kufanya mapovu mwilini (kama soda ukifungua chupa). Mapovu yakikaa kwenye jointi ni maumivu, yakikaa kwenye uti wa mgongo ni habari nyingine kabisa.

Sasa angalia safari yako. Ndani ya ndege hewa inawekwa kama uko mita 1,800 mpaka 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Stesheni ya Syokimau, unaposhukia Nairobi, inakaa kwenye mita 1,600 hivi, presha ya hewa pale iko chini ya hii yetu ya pwani kwa zaidi ya asilimia 15, na mjini ndio unapanda zaidi. Kwa hiyo tofauti kati ya Nairobi na ndege si kubwa vile watu wanavyodhani. Mwongozo wa DAN, wale wa usalama wa wapiga mbizi, unahusu kupanda kuanzia kama mita 600: daivu moja tu subiri angalau masaa 12, daivu nyingi au za siku kadhaa angalau masaa 18, na kama ulizama mpaka ukalazimika kusimama njiani kutoa naitrojeni, zaidi sana ya hapo. Wewe na daivu mbili siku tatu mfululizo ni mtu wa masaa 18, hata kama hukupita mita 12. Naitroksi, ile hewa ya mtungi iliyoongezwa oksijeni, pia haikupunguzii hapo, wengi wananiambia "lakini nilitumia naitroksi", sawa, subiri tu.

Na masaa usiyahesabu mpaka Nairobi. Voi iko karibu mita 600, na treni ikitoka Miritini, stesheni ya Mombasa, saa nne usiku inafika huko kwenye saa sita hivi, yaani masaa 11 tangu utoke majini, halafu kutoka hapo ni kupanda tu mpaka Nairobi, wewe umelala kwenye kiti hujisikii vizuri unadhani ni uchovu wa safari. Hapo ndio pananitisha zaidi. Bega linauma unasema ni kubeba mtungi, vidole vinafanya ganzi unasema ni kulala vibaya, unameza panadol unaficha dalili, na uko katikati ya Tsavo hakuna oksijeni. Ukiona ganzi, kizunguzungu, vipele vya ajabu, maumivu ya jointi au uchovu usio wa kawaida baada ya kudaivu, usipande chochote, piga simu kwa waliokuzamisha, lala, upewe oksijeni safi, wapange daktari na chemba ya presha, kile chumba cha kutibia mapovu. Tena hilo waulize kabla hujalipa: mtungi wa oksijeni uko kwenye boti? Nionyeshe. Akianza kucheka cheka tafuta mwingine.

Mpango wako mimi ningeugeuza hivi. Zama siku mbili za kwanza, siku ya tatu acha mtungi. Ukitoka majini siku ya pili saa saba mchana, masaa 18 yanaisha saa moja asubuhi, na mpaka treni ya usiku umepita masaa 30, hapo hata mimi nalala usingizi. Siku hiyo ya tatu wala haipotei, Wasini hakuna gari, unatembea kwenye ile bustani ya matumbawe kwa madaraja ya mbao ya kina mama wa kijiji, unakula kaa bila kuangalia saa. Disemba kaskazi imeanza, maji yanakuwa safi kuliko wakati wa kusi, kwa hiyo hata juu juu na miwani na mrija pale Kisite utaona vizuri. Kama roho yako iko kwenye kudaivu siku ya tatu pia, basi ongeza usiku mmoja, urudi kesho yake jioni.

Kutoka Shimoni, pale boti ya Wasini inapokushusha, mpaka stesheni hakuna wasiwasi, barabara ya pwani iko chini yote, na siku hizi unapita Dongo Kundu unatokea Miritini bila feri ya Likoni. Kuja kutoka Nairobi ukazama pia sawa, ila lala kwanza, usifike alfajiri na treni ukaingia majini saa tatu.

Mkeo kama hazami na mtungi, anaogelea tu na mrija, hayo masaa hayamhusu, havuti hewa ya presha. Yeye akitaka treni ya siku hiyo hiyo apande, wewe umfuate.