Unataka kuchora upya ruti za daladala? Anza na nauli, niulize mimi

Juzi kuna dogo anasoma mipango miji kanitumia meseji, "Kaka nataka kuchora upya ruti za mjini kwetu, nianzie wapi?" Nikacheka peke yangu halafu nikanuna, maana lile donda bado bichi.

Mimi nilianza na hesabu, na hesabu yangu mpaka kesho naitetea. Una gari 12, kwenda na kurudi ni masaa mawili. Ukizigawa ruti tatu zote zinafukuzana kwenda Kariakoo, kila ruti inabaki na gari 4, yaani abiria anakaa kituoni hadi nusu saa. Zirundike zote barabara kubwa moja, gari inapita kila dakika 10, wa mitaa ya ndani huko watabadilisha gari. Houston kule Marekani Agosti 2015 walipangua mtandao karibu wote wa mabasi kwa mkupuo mmoja, lengo ni hilo hilo gari zipite mara kwa mara. Nikaweka kwenye slaidi, shati nimepiga pasi, naona kabisa napigiwa makofi.

Kikao cha mtaa, mama mmoja muuza samaki, ndoo kaibana miguuni, akaniuliza: "Mwanangu, hiyo gari ya pili nauli nalipa mimi au unanilipia wewe?" Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Sikuwa na jibu. Daladala kila ukipanda unalipa, konda habari ya ulikotokea haimhusu.

Na jibu lilikuwepo hapa hapa Dar! Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao peke yao, ilipoanza Mei 2016, wa Mbezi alibadilishia Kimara, ila tiketi ya pamoja ilikuwa 800, wakati 400 na 650 ukilipa mbali mbali ni 1,050. Nilikuwa naipanda kila siku, sikuiona.

Kwa hiyo dogo, nauli kwanza. Halafu kaa na makonda, uwaulize hesabu ya bosi, ile pesa ya kumpelekea mwenye gari, kwa siku ni shingapi, ndo utaelewa kwa nini gari haing'oki mpaka ijae na kwa nini jioni wanakatisha ruti, hizo dakika 10 zako za kwenye karatasi zinafia hapo. Vijana tunapenda sana ramani jamani, kituoni saa kumi na mbili asubuhi hatuonekani! Nenda kasimame, ugombanie mlango na wenzio, na nauli kwanza nimeshasema.

Yule mama tunakutana kituoni mpaka leo. Ananiita Nauli Mbili, na makonda nao wamedaka.