Mpemba kututembeza Mji

Wiki hii mmeuliza: "Je, mwenyeji ana haja ya kumlipa mtu amtembeze Mji Mkongwe wa Unguja yeye na familia yake?" Jibu la haraka ni hapana, na kwa muda mrefu ningelitoa hilo nikanyamaza. Umlipe mtu akuoneshe Darajani? Mji wenyewe ukianzia Malindi kwa mwendo wa pole, hujamaliza mazungumzo yako umeshatokea Vuga. Ukipotea vichochoro vya Kajificheni, yeyote aliyekaa barazani atakuelekeza, na kabla hujaondoka atataka kujua wewe ni mtoto wa nani. Mimi mtoto wa Kiponda. Tulihama kama walivyohama wengi, tukaenda kujenga Mwanakwerekwe kwenye nafasi ya kuegesha gari, lakini mama yangu mpaka leo akisema "nyumbani" anakusudia Kiponda. Kwangu mimi, kutoa pesa ili nioneshwe mlango niliouegemea utoto wangu wote ni fedheha, na sijaacha kuliona hivyo.

Ila la pesa si kubwa. Kilichonichoma katika swali lenu ni kitu ambacho hamkukiuliza: huyo mnayemlipa anazungumza na nani, na kila mmoja anamwambia nini?

Kaka yangu anaishi Leicester na mkewe na watoto wao watatu. Walipokuja likizo, wifi alikuwa ameshamaliza kila kitu kwenye simu: mtembeza watalii wa kwetu peke yetu, asubuhi nzima, ameshalipwa kwa dola. Nikamwambia, wifi, mie si nipo? Akacheka. "Wewe utatupitisha maduka ya kanga mpaka adhuhuri." Kweli tupu, lakini iliniuma. Mama, ambaye magoti yake hayampi ruhusa ya kufika hata hospitali bila ugomvi, akasema na yeye anakwenda. Nikamchukua na binti yangu, anayesoma darasa la sita na anayeijua Forodhani kwa urojo tu.

Tulimkuta anatusubiri mbele ya Ngome Kongwe, kijana mtanashati, kofia ya viua kichwani, kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii shingoni. Kitambulisho nakitaja makusudi, maana papasi wanaokudandia tangu bandarini ni wengi na hao siwasemei. Huyu alimwamkia mama kwa adabu zote. "Shikamoo bibi." Mama akaitikia, kisha akamtupia swali lake la siku zote: "Kwenu wapi?"

"Wete, bibi."

Mama akanigeukia. "Mpemba ndio anitembeze Mji mie!"

Kijana alicheka kuliko sisi sote.

Sasa, watoto wa kaka Kiswahili wanakisikia, lakini ni kile cha "njoo ule" na "vaa viatu". Mama naye Kiingereza hajui. Ikabidi kijana aseme kila jambo mara mbili, kwanza Kiingereza kwa watoto, kisha Kiswahili kwa mama, na mimi katikati nazisikia zote. Na hazikuwa habari moja.

Kwenye Beit el Ajaib hapakuwa na tofauti ya maana. Jumba la Sayyid Barghash, sultani wa wakati ule, la mwaka 1883, lenye umeme na lifti wakati watu wengine wote wanawasha taa za mafuta. Likaporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili. Tulipopita lilikuwa limezungushiwa mabati. Mama akayatazama, akasema "maskini", akaendelea na njia.

Milangoni ndipo nilipoanza kutega sikio. Tulisimama Hurumzi mbele ya mlango mkubwa wa nakshi, misumari ya shaba imetokeza safu kwa safu. Watoto waliambiwa misumari ile ni ya kuzuia tembo wasisukume mlango. Macho yakawatoka. Tembo, Hurumzi! Kichochoro ambacho mkokoteni na vespa lazima kimoja kirudi nyuma. Mama yeye aliambiwa kwamba mlango wenye duara juu ni mtindo wa Kihindi, wenye pembe nne ni mtindo wa Kiarabu, kisha akaoneshwa mnyororo uliochongwa pembezoni mwa fremu. Tembo hakutajwa kabisa. Nilipombana pembeni, kijana hakukataa. "Dada, tembo ni habari ya Bara Hindi, milango ilikuja nayo. Wageni wanaipenda. Bibi angenicheka."

Hapo hukumu yangu ilikwisha toka. Mji unaouzwa kwa wageni ni mwingine na tunaoujua sisi ni mwingine, na hawa vijana wanafundishwa kuuza. Lau ningewaandikia siku ile, barua yangu ingeishia hapa na ingekuwa na maneno makali ambayo msingeyachapisha.

Kiponda napita haraka, kwa sababu nikianza sitamaliza. Nyumba yetu siku hizi ni hoteli. Mama alikaa kwenye baraza aliyozaliwa akiiona, mlinzi akaja kumuuliza kama ana chumba hapo. Soko la Darajani, lile la 1904, watoto walilipita wameziba pua. Tukavuka kwenda Mkunazini.

Kanisa la Anglikana la Mkunazini kila mtoto wa Mji analijua kwa nje. Ndani sikuwahi kuingia, wala mama, kwa umri wake wote. Kijana alieleza vizuri: soko la watumwa lilikuwa pale pale, likafungwa mwezi Juni 1873 Sayyid Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na mwaka huo huo wamisheni wakaanza kujenga kanisa, Askofu Steere akisimamia. Madhabahu, wanasema, ipo pale palipokuwa na mti wa kuchapia watu. Mama alikuwa anasikiliza huku kashika ukingo wa benchi, hajakaa wala hajasimama vizuri.

Kisha tukashuka vile vyumba vya chini, chini ya hosteli ya St Monica, ambavyo wageni huambiwa ndimo walimofungiwa watumwa. Mama alibaki juu kwa sababu ya ngazi. Mle dari iko chini, mtu mzima anainama, huku na huku pamenyanyuliwa kwa mawe na katikati kuna njia kama mtaro, na mwanga unaingia kwenye vidirisha vyembamba tu. Minyororo imewekwa uione. Nikajiandaa kwa tembo wa pili. Hakuja. Kijana, bila kuulizwa na mtu, aliwaambia watoto kwa Kiingereza kwamba wapo wataalamu wanaosema jengo lile lilijengwa na wamisheni baada ya soko kufungwa, kwa hiyo vyumba vile vinaweza kuwa vilikuwa ghala tu. "Lakini soko lilikuwa hapa. Hilo halina mjadala, na hamhitaji chumba ili mliamini." Nilimtazama upya. Angeweza kuwaliza wale watoto kwa urahisi kabisa na akapata bakshishi nzuri zaidi.

Tukatoka hadi kwenye lile sanamu la uani, la msanii wa Sweden Clara Sörnäs, lililowekwa 1998: watu wa mawe ndani ya shimo, vichwa na mabega, mnyororo shingoni. Mpwa wangu wa kati akaliangalia kwa muda, kisha akamuuliza baba yake kwa Kiingereza kama sisi tulikuwa hawa waliofungwa, au wale waliofunga.

Kaka akatoa simu mfukoni. Wifi akaanza kutafuta chupa ya maji iliyokuwa mkononi mwake. Mimi nikasema tutaongea nyumbani, jibu ambalo hata mimi nilipewa kila nilipouliza jambo la maana nikiwa mdogo. Mtoto hakuridhika, akamgeukia kijana. Yeye akamwambia kwamba Unguja na Pemba wapo wa pande zote mbili, na mara nyingi wamo nyumba moja, na kwamba hata yeye asili yake hajaimaliza kuijua. "Muulize bibi yako." Halafu akamgeukia mama, na kwa Kiswahili akasema hivi tu: "Bibi, mjukuu anauliza asili yenu." Mnyororo aliuacha kwenye Kiingereza.

Mama alielewa vizuri sana. Akasema, "Nipeni maji."

Nikadhani yamekwisha. Hamamni watoto waliingia kuona yale mabafu ya Sayyid Barghash, kaka na wifi nyuma yao. Mama magoti yalimkatalia, akakaa kwenye baraza ya jirani. Kijana akakaa naye kwa heshima, mimi nimesimama nyuma namrekebishia mtandio. Mama akamuuliza: "Kwenu mna mikarafuu?"

"Tunayo kidogo, bibi."

"Na kwetu ilikuwepo. Mwera, ya babu yake baba. Na wachumaji aliwanunua."

Alisema kama mtu anayetaja bei ya muhogo. Kijana akanyamaza, na nadhani kunyamaza kule ndiko kulikomfanya mama aendelee. Akasema bibi yake mzaa mama, mama yake alishushwa Mji akiwa mtoto, katoka Nyasa, na kwao hakupajua tena. Alipokua alifanywa suria katika nyumba ya watu. "Bibi alikuwa na akili zake, anakumbuka, mama yake bado hajaachiwa." Kijana akamwambia taratibu kwamba sheria ya 1897 ya kufuta utumwa haikuwahesabu masuria, wao mpaka 1909. Mama akatikisa kichwa polepole, hesabu imekaa sawa. "Ndio maana," akasema.

"Mungu awarehemu, bibi."

"Amin."

Watoto wakatoka, wamejaa vumbi, wanataka juisi ya miwa. Tukaenda Sokomuhogo, tukakaa pale Jaws Corner watu wanacheza dhumna, kijana akaendelea na kazi yake. Shangani na mlango wa nyumba ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa watumwa, vilinipita, sikusikia neno.

Mimi ndiye mtoto wake wa kike wa pekee. Nimemlea mama, nimemuogesha alipovunjika mkono, nimekaa naye usiku umeme umekatika hatuna la kufanya ila kuzungumza. La Mwera nilikuwa nalijua, lakini nililijua kama shamba, na wachumaji walikuwa "watu wa shamba". La Nyasa sikuwahi kulisikia. Akaja kumwambia Mpemba aliyelipwa na wifi yangu kwa dola! Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba hayo ndiyo madhara ya kuwapa watu wa nje kazi ya wazee. Sasa nimefika hapa na sioni kama naweza kulisema. Sisi tuliokuwa naye tulikuwa na miaka yote hiyo na hatukumuuliza. Katika nyumba nyingi za Mji asili haiulizwi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ndio kabisa. Nani alikuwa nani ni neno linaloweza kumkosesha mtu usingizi, au kumpatia jirani la kusema. Mtu wa Wete uliyekutana naye asubuhi ile hana cha kufanya na jibu lako. Hatakuja kuposa kwenu, hatakuwepo kwenye arubaini. Na kulikuwa na sababu ya mama kusema: kijana alikuwa ameshasema mambo ya kweli, moja baada ya jingine, kwa sauti, mahali penyewe, na mama akaona inawezekana kuyasema na mbingu isianguke.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mlipeni. Mwenyeji na amlipe. Mwenye mtoto wa skuli hasa, kwa sababu binti yangu aliuliza maswali zaidi asubuhi ile kuliko aliyouliza kwenye somo la historia tangu aanze. Lakini chagueni mwenye kitambulisho, nendeni mapema kabla jua halijakaa utosini, epukeni mchana wa Ijumaa, na mkisikia habari ya tembo mkatizeni hapo hapo, kwa upole. Kama mna mzee, sijui niwaambie nini. Mchukueni kama magoti yanaruhusu, lakini msiende naye kwa tamaa ya kusikia siri. Mama baada ya siku ile hakulirudia, na nilipomchokoza jikoni aliniuliza kama chumvi imekolea. Mpwa wangu amerudi Leicester bila ya jibu. Kaka anasema ni mdogo mno. Mimi sina hakika kama kulitoa ni kazi yangu, ya kaka au ya mama mwenyewe maadamu yupo hai.

Na nina la kuwaambia Kamisheni ya Utalii, kama wanasoma ukurasa huu. Yule kijana aliniambia tulipoagana kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kuajiriwa kutembeza watu kwa Kiswahili peke yake. Anajua Kiingereza, Kiitaliano na Kifaransa kidogo, na maelezo yake yote ameyatengeneza kwa lugha hizo. Kwa Kiswahili alikuwa anaunda hapo hapo, akimtazama mama usoni aone anakubali au anakunja uso. Ndiyo sababu, nadhani, Kiswahili chake kilikuwa na adabu nyingi na Kiingereza chake kilikuwa na ukweli mwingi, ukiwatoa wale tembo. Ningependa mara moja nivisikie vyote viwili kwa lugha moja. Wekeni matembezi ya Kiswahili siku za Jumapili, kwa wenyeji, na bei iwe ya shilingi.