Programu ya Kulipia au ya Wavuti?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni msanidi programu wa kujitegemea hapa Mwanza. Nimetengeneza programu ya kutunza madeni ya wateja wa maduka ya rejareja. Je, niiuze Google Play kwa shilingi 10,000, au niiweke kwenye wavuti?

JIBU: Ndugu msomaji, tunakushauri uanze na wavuti, na sababu yetu kubwa ni malipo kuliko teknolojia. Mwenye duka amezoea kulipa kwa simu, naye ni nadra kutoa shilingi 10,000 kwa kitu ambacho hajakijaribu. Ukimwachia aitumie bure kwa wiki chache, kisha ukamtoza ada ndogo ya kila mwezi, fedha itakufikia bila kupitia Google, ingawa kampuni ya simu nayo ina makato yake.

Ada ya kujisajili Google Play, dola 25 zinazolipwa mara moja tu, si kikwazo. Kikwazo ni kwamba programu ikishatolewa bure huko haiwezi kugeuzwa kuwa ya kulipia, isipokuwa uichapishe upya kama programu nyingine na kuwaacha nyuma watumiaji uliokwisha kuwapata. Kwa maneno mengine, ungelazimika kuchagua kati ya kuitoa bure na kuiuza kabla hujamjua mteja.

Hata hivyo, wavuti ina udhaifu ambao kwa kazi yako ni mzito. Intaneti inapokatika, duka haliwezi kusitisha biashara, kwa hiyo programu yako lazima iweze kufunguka na kuandika deni bila mtandao. Tena, kumbukumbu zilizohifadhiwa ndani ya kivinjari (programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome) hupotea mtumiaji anapofuta data zake, jambo ambalo watu hulifanya kila simu inapojaa. Basi kila deni linakiliwe kwenye seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayotunza data, mara mtandao unaporudi, kwa maana daftari la madeni likipotea, hakuna mteja atakayekuja kukiri anadaiwa kiasi gani.

Wateja wako wakianza kudai kuchapa risiti kwa printa ndogo za Bluetooth, ambazo vivinjari vingi haviziwezi, hapo ndipo utakapokuwa na sababu ya kutengeneza toleo la Android. Ukifika huko, soma kwanza masharti ya Google: ada ya huduma ya kidijitali inayotozwa ndani ya programu kwa kawaida hutakiwa kupitia mfumo wao wa malipo, hivyo usibandike Lipa Namba yako humo kabla ya kuyaelewa.