Shajara za marehemu: zisomwe vipi?

SWALI: Ninasoma shahada ya uzamili ya saikolojia. Familia moja imenikabidhi shajara za Kiswahili za ndugu yao aliyejiua, za miaka mitatu. Nataka kuelewa mawazo yake yalivyobadilika. Nianzie wapi, na je, programu ya kuhesabu maneno itanisaidia?

JIBU: Kazi hiyo ni nzito. Usiifanye bila msimamizi wa kuzungumza naye mara kwa mara, na mawazo ya kujiua yakianza kukugusa wewe mwenyewe, mwambie mtu siku hiyo hiyo au nenda hospitali.

Usianzie ukurasa wa mwisho. Edwin Shneidman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanza kuchambua barua za waliojiua huko Los Angeles mwaka 1949, alifika mahali akaona kwamba barua ya mwisho peke yake hueleza machache, kwa sababu akili ya anayeiandika imeshabanwa, haioni tena njia nyingine. Shajara inakupa maisha yaliyotangulia. Ifuate kwa tarehe, uangalie kinachopungua: watu wanaotajwa, mipango, njia mbadala. Leo anaandika “nikikosa hapa nitajaribu Mwanza”; miezi kadhaa baadaye ni “hakuna namna”. Tenganisha “nimechoka” na “wangepumzika bila mimi”. Hilo la pili ni kujiona mzigo, jambo ambalo mwanasaikolojia Thomas Joiner aliliweka katikati ya nadharia yake ya mwaka 2005 ya kwa nini watu hujiua, pamoja na kujiona huna wako.

Utakuta pia ukurasa wenye kukata tamaa juu, na chini yake mbegu za kununua msimu ujao. Ziandike zote mbili. Mtu huyo alikuwa anataka maumivu yaishe na bado anataka kuishi, na msaada hupitia hapo hapo.

Kuhusu programu: mwaka 2001 watafiti Stirman na Pennebaker walilinganisha mashairi ya washairi 9 waliojiua na ya 9 wengine, wakakuta waliojiua wanajitaja zaidi kwa nafsi ya kwanza umoja. Lakini hayo yalichambuliwa kwa Kiingereza. Kwetu nafsi imo ndani ya kitenzi: “sikuwaambia”, “waliniacha”. Ukihesabu “mimi” tu, utakosa karibu yote. Weka alama kwenye ni-, si-, -ni- na -angu, ukiiacha “ni” ya “yeye ni mwalimu”. Kisha mlinganishe marehemu na yeye mwenyewe wa mwaka wa kwanza, maana shajara ya mtu yeyote imejaa “mimi”.

Hatari kubwa ni kwamba unaujua mwisho, hivyo kila sentensi ya huzuni utaiona kuwa dalili. Mpe mwenzako kurasa zisizo na tarehe, zimechanganywa, aziainishe bila kujua zimetoka lini. Na familia ikikuuliza nani alisababisha, shajara haiwezi kujibu hilo. Wala wewe usijibu kwa niaba ya marehemu.