Kumsindikiza bibi Somnath

SWALI: Bibi Mhindu ninayemtunza hapa Jinja anataka kuhiji Somnath, na ameniomba nimsindikize. Mimi ni Mkristo. Nitaruhusiwa kuingia hekaluni?
Msomaji, Jinja

JIBU: Nenda naye, dada yangu. Asiye Mhindu huomba kibali ofisini kabla ya kuingia, basi omba kwa adabu, naye bibi awe kando yako. Simu na kamera huachwa nje, kwa hiyo patana naye mapema mtakutana wapi mkipotezana.

Hekalu hilo la Shiva, mungu wa Wahindu, liko jimbo la Gujarat nchini India, ukingoni kabisa mwa Bahari ya Arabu. Limebomolewa na kujengwa tena mara nyingi. Mwaka 1951 Rais wa India, Rajendra Prasad, alishiriki sherehe za kulifungua upya. Nilimpeleka mama yangu. Baada ya sala ya saa moja jioni alitoka upande wa bahari, kwenye nguzo yenye mshale unaoelekea kusini, akashika ukuta kwa mikono miwili huku upepo wa chumvi ukimvuta sari. Hakutaka kuondoka, nami sikumharakisha. Nawe usimharakishe bibi.

Chanjo ya homa ya manjano mchomwe angalau siku 10 kabla ya kufika India, na vyeti mvibebe mkononi.