Usiwaagize maafisa wakuletee "stori nzuri"

Usitume huo ujumbe wa kuwaagiza maafisa wako wakusanye stori za vijana mliowafundisha kabla hujasoma hapa. Umeuliza uhoji watu wangapi, utumie programu gani kuchambua, na ripoti iwe na kurasa ngapi. Kilichonishtua ni ile sentensi uliyoipitisha katikati: kwamba kila afisa atakuletea vijana wawili waliofanikiwa, na stori zao ndizo zitakuwa utafiti wa kimaelezo (unaotegemea maneno ya watu badala ya takwimu) wa kumthibitishia mfadhili kuwa mafunzo yenu ya ufundi yanabadilisha maisha. Hapo ndipo mtakapoumia.

Shirika letu lilipitishwa njia hiyo hiyo na mshauri tuliyemlipa vizuri. Alisema wafadhili wamechoka na takwimu, wanataka kusikia sauti za watu. Tukakusanya. Stori zilikuwa za kweli kabisa, watu walieleza kwa uchungu na kwa furaha. Ripoti ikaenda, na mfadhili akarudisha swali moja: "Hawa mliwapataje?" Jibu la kweli lilikuwa kwamba viongozi wa vikundi walitutajia wanaofanya vizuri. Basi sehemu nzima ya matokeo ikahesabiwa kuwa matangazo. Fedha za awamu ya pili hazikuja. Kinachoniuma zaidi ni wale watu: walitufungulia maisha yao, wakasema kweli, na ushahidi wao ukatupwa kwa sababu ya namna tulivyowachagua. Mshauri alikuwa ameshachukua chake.

Tena alijificha nyuma ya jina kubwa. Alidai anatumia mbinu ya kutathmini miradi kwa stori iitwayo Badiliko Kubwa Zaidi (Most Significant Change), ile aliyoianzisha Rick Davies nchini Bangladesh katikati ya miaka ya 1990. Katika mbinu hiyo, stori zikishakusanywa watu hukaa chini wakazijadili, wakachagua moja, wakaandika kwa nini wameichagua kuliko nyingine, na inapobidi mtu akaenda kuihakiki. Yeye aliruka yote hayo, akatuachia picha na nukuu. Mtu wa namna hiyo akija kwenu, mwambieni kwanza aeleze uchaguzi utafanywaje, na aeleze kwa maandishi.

Chagua watu kabla hujasikia stori zao. Fungua rejista ya wote waliojiandikisha, usiishie kwa waliohitimu. Watenge: waliomaliza na wanafanya kazi, waliomaliza na hawana kazi, walioacha njiani. Andika utaratibu wa kuchukua majina katika kila kundi, tuseme kila jina la tano, kisha uufuate hata ukikuangukia vibaya. Usiyempata, andika kwamba hukumpata na kwa nini. Na yule kijana wenu nyota ambaye kila mgeni hupelekwa kwake, kama utaratibu haukuliangukia jina lake, mwacheni. Najua ni vigumu. Mkurugenzi atakuuliza yuko wapi. Mwacheni.

Walioacha njiani ndio utakaotamani kuwaruka, maana ni wagumu kupatikana na maneno yao yanachoma. Watafute hao kwanza. Kijana akikwambia aliacha kwa sababu hakuwa na zana za kufanyia mazoezi nyumbani, umepata jambo ambalo mfadhili anaweza kulifanyia kazi, na stori za waliofanikiwa zitaaminika zaidi zikikaa kando yake.

Halafu aliyewafundisha asiwahoji. Nani atamwambia mwalimu wake usoni kwamba mafunzo hayakumsaidia? James Copestake na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bath, katika QuIP, mbinu yao ya kupima matokeo ya mradi kwa mahojiano, huenda mbali zaidi: wanaohoji huweza kufichwa hata jina la shirika linalotathminiwa. Ninyi huenda msifike huko, ila anzeni na maisha ya mtu badala ya mradi. "Tangu mwaka juzi, nini kimebadilika katika namna unavyojipatia riziki? Kimeletwa na nini?" Akiyataja mafunzo yenu bila kuulizwa, hilo lina uzito. Akisema ni mjomba aliyempa mtaji, liandike vilevile.

Kuhusu programu, kwa mahojiano machache jedwali la kawaida la kompyuta linatosha. Leo hesabu tu kila kundi lina watu wangapi kwenye rejista, uweke idadi hapa bila majina ya watu, tupange pamoja utaratibu wa kuchagua kabla maafisa hawajaondoka ofisini.