Kabla hujamwandikia mgeni chumba Capri Point

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kupangia wageni malazi hapa Mwanza, agizo mtakalopewa wiki ya kwanza nalijua: "Mtafutie mgeni hoteli ya maana, Capri Point." Mtafungua simu, mtapitia picha za machweo na mabwawa ya kuogelea, halafu mtachagua ile yenye picha kali kuliko zote. Nami nilikuwa hivyohivyo.

Capri Point haina ubishi. Ni rasi iliyoingia ziwani, hatua chache tu kutoka katikati ya jiji, ina miti mikubwa, barabara tulivu na majumba yaliyojibanza katikati ya mawe. Jioni jua linazama upande wa ziwa, na mgeni hata akiwa amechoka na safari atatoka nje kulitazama. Shida ni kwamba kila kinachompendeza mgeni hapo kinatokana na mawe na mteremko, na mteremko una mambo yake.

Kwanza, ngazi. Mwaka wangu wa pili kazini nilimpokea mama mmoja kutoka Dodoma, mtu wa elimu, amebakiza muda mfupi astaafu. Nikampa chumba cha juu kabisa katika hoteli ambayo mapokezi yake yamejengwa kuzunguka jiwe kubwa kuliko basi. Nilijiona nimepatia. Kesho yake asubuhi nikamkuta ameketi mapokezi tangu saa kumi na mbili, kwa sababu hakutaka kushuka mara mbili. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, ziwa nimeliona. Magoti yangu ndiyo hayakuja kutalii." Nilipanda nikazihesabu: 68. Siku hizi nahesabu kabla, tena nabeba begi langu mwenyewe nikipanda, maana ngazi za mkono mtupu na za mwenye begi si zilezile.

Pili, maji. Utadhani anayelala ufukweni hawezi kukosa maji, na kweli moja ya vyanzo vya maji ya jiji hili iko hapohapo Capri Point. Lakini maji hayapandi kilima kwa hiari yake. Umeme ukikatika, pampu ikasimama, chumba cha juu ndicho cha kwanza kukauka. Kwa hiyo usiishie kuuliza "Jenereta mnayo?" Wote watakujibu ipo. Uliza inawasha nini: taa za korido tu, au na pampu ya maji, hita na kiyoyozi? Swali hilo mpelekee dada anayesafisha vyumba, si meneja. Msalimie vizuri kwanza. Ukiweza kusema "mwangaluka" asubuhi kwa Msukuma, utaambiwa hata usichouliza.

Tatu, na hapa ndipo wengi wanaponaswa, ni usiku. Hoteli hukaguliwa mchana, mgeni huishi humo usiku. Mchana upepo hutoka ziwani, pamepoa, pamenyamaza. Nenda Jumamosi saa tatu usiku ukaketi kwenye kile chumba. Je, hoteli ina ukumbi wa sherehe? Basi ujue kuna harusi, na MC wa harusi za Mwanza hahitaji kipaza sauti ila anacho. Hata ukumbi wa jirani ng'ambo ya ghuba ndogo utausikia, kwa kuwa maji hayana ukuta wa kuzuia muziki. Nilishawahi kuhamisha watu wanne saa sita usiku, na hesabu ya ile teksi sitaki kuikumbuka.

Halafu kuna wale wadudu wadogo wa ziwani. Wakitoka ziwani wanapanda kwa makundi kama moshi, hasa siku za mwezi mwandamo, na wanafuata taa. Hawaumi, lakini mgeni asiyewajua akiacha dirisha wazi na taa inawaka, asubuhi atakuta shuka limekuwa jeusi. Chumba kinachotazama ziwa kiwe na wavu mzima dirishani. Ushike kwa mkono, usiutazame kwa mbali.

Umbali nitausema kwa kifupi. Uwanja wa ndege uko upande wa Ilemela, kama kilomita 10 kaskazini mwa jiji, na njia inapita Kirumba. Mwenye ndege ya alfajiri usimlaze mbali kwa ajili ya mandhari. Mwenye kazi Sengerema au Geita siku hizi anapita Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, kwa hiyo kivuko si hoja tena, ila foleni ya Mkuyuni bado ni hoja. Aliyekuja na nusu siku ya mapumziko, hapo Capri Point inashinda: boti za kwenda Hifadhi ya Taifa ya Saanane zinaondokea jirani, na atarudi kabla ya chakula cha mchana akiwa ameona pimbi na swala.

Mambo ya fedha myaulize kabla ya kumwambia mgeni chochote. Bei ina VAT ndani, au ile asilimia 18 itaongezwa mwishoni? Itajwe kwa shilingi, kwa kuwa tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei nchini kwa fedha za kigeni. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ichukuliwe palepale dirishani, si "tutakutumia". Mhasibu hatapokea picha ya bwawa wakati wa kurejesha masurufu.

Jiko nalipima kwa sato. Naagiza wa kuchoma, naangalia saa. Hoteli iliyo ufukweni ikiniambia leo kuna kuku tu, naanza kuwa na wasiwasi na mengine yote. Hapo labda naonea watu, lakini kipimo hicho hakijawahi kunidanganya.

Yule mama wa Dodoma anarudi Jumatatu kwa semina ya siku tatu. Ameomba Capri Point tena. Nimempatia chumba cha chini, dirisha linatazama bustani, na ziwa linaonekana kidogo kati ya mawe mawili. Ngazi ni 4.